Kilo 23 na Mgongo wa Mtu

Mpwa wangu, barua yako nimeisoma. Nimefurahi kusikia kwamba likizo ya shule ya Februari mnakuja tena huku milimani, na kwamba wajukuu zangu wanahesabu siku. Nimesikia pia kwamba umenunua mabegi mawili ya skii, marefu, yenye magurudumu, na mama watoto anauliza yajazwe nini. Hapo ndipo nilipoona nikae nikuandikie. Maneno haya nimekuwa nikiyasema kila msimu wa baridi, kwa simu, mtu keshasimama kwenye foleni ya uwanja wa ndege na begi limeshafungwa, na maneno ya kwenye foleni hayaingii kichwani. Nimechoka kuyasema nusunusu. Safari hii nayasema yote, uyasome umetulia, mabegi yakiwa bado matupu.

Kazi niliyoifanya hapa Geneva unaijua kwa jina tu. Nilikuwa hamali wa ndege. Babu yako alibeba magunia bandarini Mombasa, mimi nikaja kubeba masanduku Ulaya, na mgongo niliotoka nao kazini ndio huu ninaoulaza sakafuni kila jioni mpaka maumivu yatulie. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu ninyi mnaosafiri hamjawahi kumwona anayeupokea mzigo wenu baada ya kutoweka pale kaunta. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na katika maisha yangu sijaona mahali maneno hayo yanapodhihirika kuliko uwanja wa ndege.

Ndege nyingi zinazotoka huko kwenu London kuja Geneva ni zile za wastani, Airbus A320 na jamii yake, au Boeing 737. Tumbo la ndege hizo, kule chini kunakowekwa mizigo, kimo chake ni mita moja na kitu tu. Mtu mzima hasimami humo. Anaingia kwa magoti. Mwenzake aliye nje anapandisha mabegi kwa mkanda hadi mlangoni, na aliye ndani anayapokea akiwa amepiga magoti, anayavuta, anayageuza, anayasukuma hadi mwisho, anayapanga safu juu ya safu mpaka yaguse dari. Anayeinua mzigo akiwa amesimama husaidiwa na miguu. Aliyepiga magoti hana msaada huo, kila kilo inaangukia kiunoni na mabegani. Begi la skii ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ni refu, haligeuki kwa urahisi mle ndani, na uzito wake wote mara nyingi umekaa upande mmoja. Sasa fikiria Jumamosi ya Februari hapa Geneva, ndege zinatua moja nyuma ya nyingine, na hata lile jengo la pili la abiria, ambalo hufunguliwa majira ya baridi kwa ajili ya ndege za kukodi za wanamichezo wa theluji, limejaa. Kila familia ina skii. Kijana yule yule aliyeanza kazi alfajiri bado yuko magotini mchana.

Kwa hiyo ukiona tiketi imeandikwa kilo 23, usidhani ni uchoyo wa shirika la ndege. Fedha wanazitaka, sikatai, na ada zao za uzito wa ziada zinaumiza. Lakini nyuma ya namba hiyo kuna mwili wa mtu. Ndiyo maana kuna namba ya pili, kilo 32, ambayo kwa kawaida hata ukiwa tayari kulipa hutavushwa nayo kwa begi moja. Utaambiwa ugawe mzigo, au upelekwe kama shehena. Begi lililo kati ya 23 na 32 hubandikwa karatasi ya kuonya kwamba ni zito. Watu huionea haya karatasi ile, wengine huibandua. Usiibandue kamwe. Inamwambia hamali, kabla hajatia mkono, kwamba hili aliinue na mwenzake.

Na hapa nikuambie jambo linaloniudhi kupita yote. Wapo wanaoweka begi juu ya mizani pale kaunta, kisha wakaliinua kidogo kwa ncha ya kiatu, au wakaacha mkono kwenye mshikio kana kwamba wanalizuia lisianguke, na macho yao yako kwa dada wa kaunta. Mizani inasoma 23. Begi lina 27. Karatasi ya onyo haibandikwi. Anayelipokea kule chini anajiandaa kwa mzigo wa kawaida, na mwili ukijiandaa kwa kitu chepesi ukakutana na kizito, ndipo uti wa mgongo unapoteguka. Nimeshuhudia kijana mwenye nguvu zake akishindwa kunyanyuka, akatolewa tumboni mwa ndege kwa kuburutwa kwenye mkanda. Dini yetu imekemea kupunja mizani tangu enzi na enzi. Wewe huuzi mchele, lakini mizani ni mizani.

Uzito wa mizigo huingia pia kwenye karatasi ya rubani. Anahitaji kujua ndege imebeba kiasi gani na mzigo umekaa mbele au nyuma, ndipo akadirie mbio za kurukia na namna ndege itakavyokaa hewani. Hilo sitalikalia, wewe ni mtu uliyesoma.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Siku ya kununua tiketi, kabla hujalipa, soma masharti ya shirika hilo kuhusu vifaa vya michezo. Usitegemee ulichokisoma mwaka jana wala alichokuambia jirani, kwa sababu masharti hayafanani na hubadilika. Kuna wanaohesabu vipande, kila kipande na ukomo wake. Kuna wanaohesabu kilo kwa jumla. Kuna wanaoruhusu familia iliyo kwenye tiketi moja kuchangia kilo zao, na kuna wasioruhusu hata gramu ya mke iende kwa mume. Mashirika makubwa ya Marekani huhesabu begi la skii na begi la viatu vyake kuwa kipande kimoja, ilhali mengi ya bei nafuu huku Ulaya yanataka skii zilipiwe peke yake kama kifaa cha michezo, na zina ukomo wake wa kilo. Ukishajua unatakiwa kulipa, lipa mapema kwa mtandao. Pale kaunta bei hupanda, na anayekupandishia ni msichana wa watu ambaye bei hakuipanga yeye, kwa hiyo usimfokee.

Sasa hesabu. Skii za mtu mzima pamoja na vifungio vyake zina kilo tano hadi saba. Viatu vya skii, jozi moja, kilo nne hivi, vingine zaidi. Fimbo ni kama nusu kilo. Helmeti ni nusu kilo. Koti na suruali ya theluji, tuseme kilo mbili. Lile begi refu lenye magurudumu ulilonunua, likiwa tupu kabisa, linakula kilo tatu au zaidi. Sanduku gumu la plastiki ulilozoea kusafiri nalo lina nne au tano kabla hujatia hata soksi. Watu hupima vitu wakasahau kupima chombo. Ukichukua sanduku la kitambaa lenye kilo mbili na nusu badala ya lile gumu, umejipatia nafasi ya karibu nguo zote za ndani za wiki nzima, na hujaacha kitu nyumbani.

Ukitia viatu, helmeti, koti na suruali kwenye sanduku hilo, umefika kilo tisa. Umebakiwa na 14. Wiki moja milimani mtu anahitaji fulana mbili au tatu za sufu za kuvaa ndani, suruali mbili za ndani, soksi za skii jozi tatu, sweta moja ya jioni, suruali moja ya kawaida, glavu, na nguo za kulalia. Hivyo vyote havifiki kilo sita. Basi kinachowapeleka watu hadi 27 ni nini? Nimewahi kufungua mabegi ya jamaa zetu sebuleni kwangu, kwa ruhusa yao, na nikakuta suruali nne za jinzi. Kila moja inakaribia kilo, na milimani haifai, ikilowa haikauki. Nikakuta viatu vya kutokea jozi mbili, kikausha nywele, chupa kubwa za shampuu, taulo nne kwenda kwenye nyumba ya kupanga ambayo ina taulo. Mnasema akiba haiozi. Ni kweli. Lakini kwenye ndege akiba hupimwa.

Na mimi mwenyewe nina fungu langu katika kilo hizo, kwa hiyo nalisema wazi. Msiniletee unga. Msiniletee majani ya chai, wala pilipili za kusaga, wala zile paketi za viungo ambazo shangazi yako huwapa mnapoondoka. Najua ni mapenzi, na nikipika pilau kwa viungo vile nyumba nzima hunukia kwetu. Lakini duka la Wakongo lipo vituo viwili vya tramu kutoka hapa, unga napata. Nileteeni watoto.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: lete viatu, acha skii. Kila kijiji cha theluji, kuanzia Chamonix hadi Zermatt, kina duka la kukodisha skii, na katika miji mikubwa yapo mtaa mzima. Skii wanazokodisha zimenolewa na zimepakwa nta. Ukizikodi kwa mtandao kabla ya kufika, bei hushuka. Ukihesabu gharama ya kuzisafirisha kwenda na kurudi, kwa mtu anayeteleza wiki moja kwa mwaka kama wewe, sioni faida ya kumiliki skii. Zitakaa kwenye ghala lako miezi kumi na moja na nusu zikipata kutu.

Viatu ni habari nyingine. Kiatu cha skii ni gamba gumu la plastiki linalobana mguu hadi kwenye ugoko, na ndani yake kuna kiatu laini ambacho, ukikivaa siku kadhaa, hukaa kwa umbo la mguu wako. Cha kukodi kimevaliwa na miguu ya watu wengi na hakikumbuki mguu wa yeyote. Mama watoto mwaka juzi alishuka kutoka mlimani saa nne asubuhi akilia kwa maumivu ya kifundo, na siku yake iliishia hapo, na pesa ya tiketi ya lifti haikurudi. Mtafutie viatu vyake mwenyewe, vipimwe dukani na mtu anayeijua kazi, na avibebe. Kilo nne hizo zina thamani kuliko kilo nyingine zote za begi lake.

Na mkifika duka la kukodisha, mtaulizwa uzito. Semeni ukweli. Fundi pale anarekebisha kifungio, kile kinachoshika kiatu kwenye skii, kwa kufuata uzito wako, kimo, umri, uwezo wako wa kuteleza, na urefu wa soli ya kiatu, ambao umeandikwa kwa milimita ubavuni au kisiginoni. Kifungio kikilegezwa mno, skii inachomoka katikati ya mteremko. Kikikazwa mno, unaanguka na skii haiachii, na kinachosokoteka ni goti. Nimeona watu wazima wakijipunguzia kilo kumi pale kwa haya, na wanawake wakimnong'oneza fundi ili mume asisikie. Andikeni kwenye karatasi mkampe. Mwambie pia viatu vyako ni vya soli ya aina gani, maana ziko za bapa za zamani na ziko hizi mpya zilizopinda kidogo ili mtu atembee vizuri, na si kila kifungio kinakubali zote.

Kwa watoto hata viatu msinunue. Mguu wa mtoto wa miaka minane hausubiri msimu wa pili. Wakodieni kila kitu isipokuwa helmeti, miwani ya theluji, glavu na soksi. Helmeti iwe yao wenyewe, iwatoshe barabara, isicheze kichwani. Na wewe pia vaa. Italia sasa imeifanya kuwa sheria kwa watu wa umri wote kwenye miteremko, na hata pasipo na sheria kichwa ni kile kile. Wakati wa kufunga sanduku usiiache helmeti ikiwa tupu: ndani yake tia glavu, soksi, na miwani iliyoviringishwa ndani ya fulana. Viatu vya skii navyo vina mashimo makubwa. Kila kiatu kinameza soksi na chaja na nguo za ndani. Nafasi hiyo haikupunguzii uzito, lakini inakuwezesha kuchukua sanduku dogo, na sanduku dogo humzuia mtu kutia vya ziada.

Ikiwa pamoja na maneno yangu yote bado utakuja na skii zako, basi zifungwe kiungwana. Kausha kingo. Zilaze tumbo kwa tumbo, katikati ya pande zinazogusana utie kitambaa, zikaze kwa mikanda miwili, karibu na ncha na karibu na mkia. Funika zile ncha na kingo kwa suruali ya theluji au taulo kuukuu. Kingo za skii ni chuma kilichonolewa, na begi jembamba likichanika, anayekatwa ni yule anayeingiza mkono gizani kulivuta. Nina kovu la namna hiyo kiganja cha kushoto. Mikanda inayoning'inia nje ya begi ichomeke ndani au ifunge kwa utepe wa gundi, kwa sababu hunaswa kwenye mitambo ya mkanda, mkanda husimama, na mabegi ya ndege nzima huchelewa. Bandua karatasi zote za safari zilizopita zenye mistari ya kusomwa na mashine. Mashine ikisoma ya zamani, skii zako zitaelekea kule mlikokwenda mwaka jana. Jina na simu viandikwe nje, na viandikwe tena ndani.

Na usilifanye begi la skii kuwa kabati la nguo. Najua linavyoshawishi, lina urefu wa mita mbili na nafasi inabaki pande zote. Mashirika mengi yameandika kwamba begi hilo ni la vifaa vya skii tu, na wakilifungua wakakuta masweta wanayo haki ya kulihesabu kama begi jingine. Zaidi ya hapo, begi refu likifika kilo 30 halibebeki na mtu mmoja bila kumdhuru.

Kuna vitu visivyoruhusiwa kwenda chini kabisa. Soksi na glavu zenye umeme wa kupasha joto, ambazo nasikia umemnunulia mama watoto, zina betri za lithiamu. Betri za akiba na pawabenki huenda nawe ndani ya ndege, hazitiwi kwenye mzigo wa chini, na ncha zake zifunikwe zisigusane na chuma. Zisizozidi wati-saa 100 hazihitaji ruhusa ya mtu. Juu ya hapo hadi 160 omba ruhusa ya shirika. Zaidi ya hizo ziache nyumbani. Mkebe wa gesi ya jiko usithubutu. Na yule rafiki yako anayependa kuteleza nje ya njia zilizopangwa, mwenye mkoba wa puto la kumwokoa theluji ikiporomoka, mwambie aombe idhini ya shirika siku nyingi kabla ya safari, kwa sababu mtungi wake una gesi iliyoshindiliwa. Na akienda Marekani mtungi huo sharti uwe mtupu. Shoka, fimbo na skii haziingii kwa abiria. Viatu vya skii kwa kawaida huingia, vikihesabiwa ndani ya mzigo wako wa mkononi.

Hilo la mwisho likumbuke. Jumamosi za kilele cha msimu, ndege ikijaa, mizigo mingine huachwa ije na ndege ya baadaye, na mara nyingi mirefu ndiyo inayoachwa kwanza. Mwenye viatu, miwani, glavu na seti moja ya nguo za ndani mkononi, kesho yake asubuhi anakodi skii na kuteleza. Mwenye vyote tumboni mwa ndege anakaa hotelini akitazama wenzake kwa dirisha. Dawa za mtoto za pumu ziwe mkononi pia, hata kama begi la mkono lina kilo nane tu za kuruhusiwa. Toa kompyuta, tia dawa.

Pimeni nyumbani. Mizani ya mkono, ile ya kuning'iniza, haifiki bei ya chakula kimoja pale uwanjani. Kama huna, panda kwenye mizani ya bafuni peke yako, kisha panda umekumbatia begi, utoe. Jiachie kilo moja chini ya ukomo, kwa sababu mizani ya nyumbani na ya kaunta hazielewani. Msipopima, mtapimiwa mbele za watu. Nimeiona familia ya kwetu, watu wenye heshima zao, imepiga magoti sakafuni kando ya foleni, sanduku limefunguliwa wazi, kanga na nguo za ndani ziko hadharani, baba anahamisha viatu kutoka begi hili kwenda lile, na mama anamvisha mtoto wa miaka mitano sweta ya tatu juu ya koti. Mtoto jasho linamtiririka, ameanza kulia, haelewi amekosa nini. Ukumbi ule una joto. Siku hiyo niliwasaidia kufunga zipu, lakini mtoto yule sijamsahau, na sipendi wajukuu zangu wasimame alipokuwa amesimama.

Sisemi msije, wala sisemi mchezo huu si wetu. Watoto wakikuuliza, waambie habari za Philip Boit, Mkenya aliyeshindana mbio za kilomita 10 za skii za nyanda katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998. Alifika wa mwisho, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja mstarini akamkumbatia. Na kwa kuwa tunazungumzia uzito, skii za nyanda ndizo ningependa mjaribu siku moja. Jozi nzima pamoja na viatu vyake haifiki uzito wa viatu vyako vya mteremkoni. Milima ya Jura iko karibu na hapa, njia zake ni tambarare, na hata mimi na mgongo wangu naweza kuwasindikiza polepole.

Siku ya kurudi ndiyo inayowaponyoka wengi, kwa sababu wamekuja na kilo 22 na nusu na wanadhani watarudi nazo. Theluji ina uzito. Glavu zilizolowa, koti lililolowa, viatu ambavyo ndani yake vimekunywa jasho la wiki nzima, hivyo peke yake vinaweza kukuongezea kilo mbili. Usiku wa mwisho toa vile viatu laini vya ndani, vikauke mbali na moto mkali maana vinaharibika. Tandazeni nguo zote. Kung'uteni begi la skii, maana theluji iliyobaki humo itayeyuka angani na kudondokea sanduku la mtu mwingine. Na chokoleti mtakazonunua, zihesabuni tangu London. Ukiwa na nia ya kurudi na kilo tatu za zawadi, njoo na 19.

Mkitua, msizingojee skii kwenye mkanda wa kawaida. Hutokea sehemu ya mizigo mikubwa. Kagua pale pale. Ikiwa begi limechanika au halikufika, usitoke ukumbini kabla hujaandikisha taarifa kwenye dawati la mizigo na kupewa namba. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, mzigo ulioharibika unatakiwa ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu kuupokea, na uliochelewa ndani ya siku 21 tangu kukabidhiwa. Ukomo wa fidia kwa abiria mmoja, tangu Desemba 2024, ni vipimo 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na ukijumlisha skii mpya, viatu, koti na helmeti unaweza kuupita. Kwa hiyo chukua bima, piga picha vitu kabla ya kufunga, na vile vipande vya karatasi wanavyokupa kaunta vikae kwa mama watoto.

Mnaruka Jumamosi. Alhamisi usiku, watoto wakishalala, pima kila begi na unitumie namba, moja moja, kwa kilo. Hata ikiwa usiku wa manane nitumie, nitakuwa macho, na likiwepo lolote la kupunguza tutalipunguza pamoja kwa simu kabla hujafunga zipu.